Wiki Sita za Kujifunza Kubeba Maji

Tulikuwa kumi na wawili, na wote tulidanganyana kwamba tunajitolea kwa ajili ya nchi. Nchi yenyewe wakati ule ilikuwa ya Malkia, na bendera iliyopandishwa uwanjani siku ile siyo hii mnayoijua. Kila mtu alikuwa na lake. Mchukuzi mmoja wa Kinyamwezi, mtani wangu, alitaka kutazama mpira bila kupanda mti. Karani mmoja alitaka Mzungu wa ofisini kwake amwone amefunga kitambaa chekundu mkononi. Mimi nilimtaka kaka yangu.

Hiyo ni miaka ya hamsini katikati. Habari zilifika Kariakoo kwamba mwaka ule mashindano ya nchi nne yatachezwa Dar es Salaam: Kenya, Uganda, Unguja na sisi Tanganyika. Mimi nilikuwa nashona magunia sokoni, chini ya lile banda la Wajerumani lenye nguzo za chuma. Kazi hiyo sasa hakuna anayeikumbuka. Gunia la mpunga likifika kutoka bara limechanika, tajiri hataki mali yake imwagike, basi anaitwa mwenye sindano ndefu iliyopinda ncha na uzi wa katani. Unakaa kitako, gunia unalibana kwa magoti, unashona. Ncha za vidole vyangu zilikufa tangu siku zile, hata leo nikishika kikombe cha moto sijui mpaka nione mvuke. Shule niliachia darasa la pili, mwalimu alinichapa kwa kosa la mwenzangu nikaona inatosha. Kusoma najua, na kuandika ndiko huku.

Sasa palikuwa na muuza vitunguu, jirani yangu pale bandani, ambaye gazeti lilimfikia baada ya watu watano kulisoma, limelainika kama kitambaa. Siku moja akaniita.

"Wewe mshona magunia, hebu njoo. Huyu si wa nyumba yenu?"

Nikaangalia. Yalikuwa majina ya wachezaji watakaokuja na timu ya Kenya, na la kaka lilikuwa la nne. Nililisoma mara tatu. Muuza vitunguu akasema, "Mmelea wenyewe, atakuja kuwafunga wenyewe." Watu wakacheka. Mimi niliacha gunia wazi, mpunga unamwagika, nikaenda nyumbani.

Lazima niseme kaka alivyoondoka, bila hivyo hamtanielewa. Tulikaa Mtaa wa Narung'ombe, nyumba ya vyumba sita, sisi tuna viwili vya nyuma karibu na ua. Baba alifariki miaka saba kabla ya hayo mashindano. Siku ya tatu, siku ya hitima, wazee wamejaa barazani, sinia zinapita, kaka hayupo. Alikuwa Mnazi Mmoja anacheza mpira, eti timu yake ingepungua mtu. Alirudi wazee wamekwisha kunawa, magoti yake yana majani. Mama akatoka ukutani alipokuwa amekaa eda, akasimama mlango wa uani mbele ya wanawake wote, akashika titi lake juu ya kanga, akasema, "Kama ni haya yaliyokulea, yasikufae." Wanawake wakaziba midomo. Bibi mmoja akamwambia, "Yarudishe hayo maneno haraka." Mama hakuyarudisha. Wiki haikwisha, kaka akapanda basi, akaenda Mombasa, akapata kazi bandarini, na jioni mpira.

Na mimi niseme langu. Siku ile ile nilikwenda Mnazi Mmoja, nikamtazama kaka akicheza, nikawahi kurudi kabla ya chakula. Mama hakujua. Tofauti yangu na kaka ni kuwahi tu.

Nilipomwambia mama kwamba kaka anakuja, alinitaka nirudie. Wakati huo alikuwa amekwisha kupooza upande mmoja, tunambeba asubuhi kumtoa barazani na tunambeba jioni kumrudisha. Baadaye akasema, "Basi aje nimwondolee." Akarudia maneno hayo siku nzima, hata anapochambua mchele kwa mkono mmoja. Kwetu laana ya maziwa haifutwi kwa barua. Aliyeitoa anatia maji kinywani, anayarudisha chomboni, na mtoto anayanywa yote mpaka tone la mwisho. Na wewe uliye karibu usiyaonje. Ukiyaonja umesamehewa wewe, na mwenye kosa anabaki na lake. Mwalimu wa madrasa wa mtaani kwetu alimwambia mama kwamba Mungu anasikia hata bila maji. Mama akamjibu kwa adabu kabisa, "Mungu anasikia, mwalimu. Lakini mimi nilisema kwa mdomo huu, na mdomo huu ndio utakaorudisha."

Kwa hiyo lilipobandikwa tangazo kwamba kamati ya mpira inataka vijana wa kujitolea kuhudumia wageni, nilikuwa wa kwanza kulisoma. Walitaka watu wenye tabia njema, wanaojua kusoma, na wenye viatu. Tabia hawawezi kuipima. Kusoma najua. Viatu sikuwa navyo.

Mtani wangu akafurahi mno. "Mzaramo na viatu wapi na wapi? Mtani, wewe ukivaa viatu mvua itakatika mwaka mzima."

"Na wewe Mnyamwezi uliyetembea peku kutoka Tabora?"

"Mimi nilikuwa nimebeba mzigo wa babu yako. Yeye alikuwa amekaa pwani anakula nazi."

Lakini yeye ndiye aliyenipatia raba, za mpwa wake, ndogo kuliko mguu wangu. Nikazikata mbele, nikaongeza kipande cha turubai, nikashona kwa sindano ile ile ya magunia, halafu nikazipaka chokaa. Kwa mbali zilipendeza. Kwa karibu zilikuwa gunia.

Mafunzo yalikuwa wiki sita, kila siku baada ya alasiri, kwenye kiwanja kule Ilala. Mwalimu wetu alikuwa sajini mstaafu, mzee aliyepelekwa Bama kupigana na Wajapani, akarudi na sikio moja lisilosikia na medali anayoivaa hata akienda kunyoa. Jua la Dar alasiri mnalijua. Tulifundishwa kusimama. Mtanicheka, lakini tulifundishwa kusimama siku tatu nzima, kwa sababu sajini alisema Mswahili akisimama anatafuta ukuta. Tukafundishwa kutembea wawili wawili na machela. Machela zenyewe nilizishona mimi, sita, kwa magunia ya sokoni, na zilinuka vitunguu. Kila siku mgonjwa wetu wa uongo alikuwa mtani, kwa kuwa ndiye mzito, na kila siku akilala tu anaanza kuusia.

"Nikifa msinizike na Wazaramo. Watanila ubani."

"Maiti hazungumzi," sajini anasema.

"Sajini, hii maiti ina njaa."

Nimetoka njiani, narudi. Kulikuwa na kazi mbili. Wengine wangelinda kamba inayozuia watu wasiingie uwanjani, wengine wangehudumia wachezaji wageni, maji na machungwa. Mimi nilitaka maji ya timu ya Kenya. Kazi ya kamba ilikuwa na sheria moja mbaya: mlinzi anatazama watu, mpira uko mgongoni, na haruhusiwi kugeuka hata uwanja ukiwaka moto. Kazi ya maji ilikuwa na sheria nyingi, na sheria hizo ndizo nitakazozieleza.

Mchezaji mgeni, alisema sajini, anaogopa maji kuliko anavyoogopa kufungwa. Kila timu iliamini mwenyeji ana dawa, na mwenyeji naye hakukosa watu wa kumshauri. Kwa hiyo ndoo inajazwa bombani mbele ya mtu wao. Unaibeba kwa mkono wa kulia, kifuniko kimefunguliwa. Humpi mtu kitu mkononi. Unaweka ndoo chini, hatua tatu kutoka kwa mchezaji, unachota kikombe, unakunywa wewe kwanza mpaka chini, wanakuona koo linapanda na kushuka. Halafu unarudi nyuma na mikono ikionekana. "Anayeleta maji," sajini alisema, "anakunywa kwanza. Asiyekunywa kwanza ni adui." Tulirudia hayo kila siku, tukanywa maji mpaka matumbo yanalia tunapotembea. Mtani akiniona naingia nyuma ya mti ananiuliza, "Mtani, hiyo ya Kenya au ya Uganda?"

Wiki ya nne sajini alitupanga mstari, akauliza mmoja mmoja kama tuna ndugu katika timu yoyote ya wageni. Mwenye ndugu hapewi maji. Alipofika kwangu alisogeza sikio lake zima.

"Una ndugu?"

"Sina, sajini."

"Baba mmoja, mama mmoja, hata wa kambo?"

"Sina ndugu."

Nilisema hivyo waziwazi, mtani yuko pembeni yangu anajua kila kitu, akatazama chini. Nikapewa maji ya timu ya Kenya. Jioni ile nilimwambia mama nimepata kazi, akaniombea dua ndefu, na mimi nikaitikia amina kama mtu mwema.

Wageni walikuja kwa meli. Tulipangwa bandarini tangu asubuhi, mashati meupe, kaptula za kaki zilizopigwa pasi mpaka zinakata. Wakashuka. Kaka alikuwa amenenepa mabega, amenyoa nywele kwa mtindo wa Mombasa, na amevaa viatu vyeusi vinavyong'aa. Alipopita mbele yangu hakusimama, ila alipunguza mwendo, akasema chinichini, "Mdogo wangu, umekuwa mrefu. Kesho baada ya mazoezi nakuja nyumbani. Mwambie mama." Nikasema, "Shikamoo kaka," bila kufungua mdomo vizuri. Akasema, "Marahaba," naye vilevile. Sijawahi kufurahi kama siku ile, na nasema hivyo nikijua yaliyofuata.

Kesho yake nyumbani ilikuwa kama sikukuu. Mama aliamuru kila kitu kutoka kitini. Wali wa nazi, samaki wa kupaka, mchicha. Alivalishwa kanga mpya, akapakwa wanja, akatolewa barazani saa nane. Kikombe cha maji kilikuwa pembeni yake, kimefunikwa kwa kisahani. Majirani wakapita mmoja mmoja. "Bado?" "Yuko njiani." Muadhini akaadhini alasiri, akaadhini magharibi. Mama akasema, "Waiteni watoto wa jirani waje kula, chakula kisilale." Yeye hakula. Maji yale akayamwaga mwenyewe kwenye mche wa mrehani.

Baadaye nilijua sababu. Timu ya Kenya ilikuwa na msimamizi, mtu mnene mwenye kofia ya mkeka, na yeye alikuwa amepiga marufuku mchezaji yeyote kukanyaga Kariakoo. Alisema ukila Kariakoo miguu inakuwa ya mwenye Kariakoo. Wote walifungiwa kwenye shule waliyolazwa, mpaka siku ya mchezo wao na sisi. Siku ya pili yake meli inaondoka. Hiyo ndiyo nafasi tuliyobaki nayo.

Asubuhi ya mchezo mama aliniita. Alikuwa na chupa ndogo ya dawa, ile ya kahawia, iliyooshwa mpaka haina harufu. Akachukua fundo la maji kinywani. Kwa kuwa upande mmoja wa mdomo ulikuwa hauna nguvu, mengine yalimwagika kidevuni, ikabidi arudie. Mara ya tatu yakaingia chupani, kama vijiko vinne hivi. Akaziba kwa kizibo.

"Anywe mbele yako. Yote."

"Ndiyo mama."

"Wewe usionje hata tone."

"Sionji mama."

Hapo ndipo ningesimama nifikiri. Mtu aliyefundishwa wiki sita kwamba anayeleta maji anakunywa kwanza, anatiaje mfukoni maji asiyoruhusiwa kuyanywa? Lakini sikufikiri. Nilijiona mjanja. Nilidhani nitamvuta kaka pembeni, atageuka ukutani, atameza, kwisha.

Wageni walipewa chumba kimoja kirefu karibu na uwanja cha kuvalia. Nikajaza ndoo bombani mbele ya mtu wao. Nikaibeba kwa mkono wa kulia. Nikaiweka chini hatua tatu, nikachota, nikanywa mpaka chini, koo likapanda na kushuka, wakaona. Msimamizi akatikisa kichwa kukubali. Sajini alikuwa amesimama mlangoni, medali kifuani. Kaka alikuwa kwenye benchi la mwisho anafunga kamba za viatu. Wachezaji wakaanza kuchota, chumba kikawa na kelele, nikaona sasa. Nikasogea kwake, nikatoa chupa.

"Kaka," nikasema, "ya mama. Meza upesi."

Kaka alielewa palepale. Nilimwona alivyoelewa. Mkono wake uliinuka kidogo kutoka kwenye kiatu.

"Hiyo nini?" Msimamizi alikuwa nyuma yangu.

"Maji."

"Maji si hayo ya ndoo? Hayo ya chupa ya nani?"

"Maji tu, mzee."

"Haya. Kunywa wewe kwanza."

Wachezaji wakaacha kuchota. Nikaishika ile chupa. Fundo moja tu, na kila mtu angerudi kwenye viatu vyake, na mimi ningebaki na kazi yangu. Lakini nikinywa, nimekula samaha ya kaka. Nikamtazama yeye. Neno moja lake lingetosha: ni ya mama yangu, huyu ni mdogo wangu. Watu wa Mombasa wangeelewa, nao wana mama, nao wanajua laana ya maziwa.

"Mbona hunywi?" msimamizi akauliza.

"Haya siyo yangu. Ni ya kaka."

"Kaka yupi?"

"Huyu. Kaka, waambie."

Sajini akasogea kutoka mlangoni. "Uliniambia huna ndugu," akasema, na sauti yake ilikuwa ya kuumia kuliko ya hasira.

Msimamizi akamgeukia kaka. "Huyu ni nani kwako?"

Kaka akaendelea kufunga kamba, ile ile aliyokwisha kuifunga. "Mtu wa hapa hapa," akasema. "Zamani tulikaa mtaa mmoja. Simjui sana."

"Unayataka maji yake?"

"Siyataki."

Msimamizi akanipokonya chupa, akang'oa kizibo kwa meno, akatema kizibo, akamimina maji sakafuni. Saruji iliyanywa mara moja. Wachezaji walioketi karibu wakainua miguu yao juu ili isiloane. Kaka naye aliinua ya kwake. Hilo ndilo ninaloliona mpaka leo, zaidi ya maneno aliyoyasema. Maneno hata mimi niliyasema, tena mbele ya sajini yule yule. Lakini kuinua miguu.

Nikamwambia, "Shikamoo kaka," sijui kwa nini. Hakuitikia. Nikaiokota chupa, nikatoka.

Sajini hakunifukuza. Pengine ingekuwa afadhali. Alinivua kitambaa chekundu cha watu wa maji, akanipa cha kijani, akanipeleka kwenye kamba. "Tazama watu," akasema. "Ukigeuka nitakutoa mbele yao wote."

Basi nikasimama. Jukwaani upande wa kivuli Wazungu na mabibi zao, baada yao Wahindi, na upande wa jua sisi, Kariakoo yote, Ilala yote, wameisukuma kamba yangu kwa vifua. Mpira nyuma yangu nausikia tu, mguu na ngozi. Wiki sita za kusimama zilinifaa hapo, maana raba za mpwa wa mtani zilikuwa zinanikata vidole na sikutingishika. Habari ya kule ndani ilikwisha kunitangulia.

"Mshona magunia, geuka umwone kaka yako asiyekujua."

"Mwacheni, leo katumwa kutuhesabu meno."

Muuza vitunguu alikuwepo mbele kabisa. Aliwazuia watu kwa mgongo wasinibane, na nilimchukia kwa kunihurumia.

Kaka alifunga kipindi cha pili. Sikuliona lile goli, nililiona kwenye nyuso. Macho yote yalikwenda kushoto, yakaja katikati, yakasimama, halafu midomo ikafunguka bila sauti. Mzee mmoja tu akacheka, akapiga goti lake, akasema, "Mtoto wa Narung'ombe huyo," akakumbuka ametufunga sisi, akanyamaza. Mtani wangu alikuwa mlinzi wa kamba hatua kumi kutoka kwangu. Bila kugeuza kichwa akasema, "Mtani, wewe peke yako leo unaruhusiwa kulia upande wowote."

Sikulia. Mchezo ulipokwisha nilikunja kamba kama tulivyofundishwa, nikairudisha, nikaenda nyumbani kwa miguu, viatu mkononi.

Mama alikuwa barazani. Hakuuliza nani kashinda.

"Kanywa?"

Ningeweza kusema kanywa. Watu niliowasimulia baadaye, mke wangu akiwemo, wote wameniuliza: kwa nini hukumwambia kanywa, mgonjwa yule?  Nilikuwa na hasira, na nilitaka mtu wa kugawana naye.

"Hakunywa. Yamemwagwa chini. Na kaulizwa kama ananijua, kasema hanijui."

"Alisema hivyo?"

"Mbele ya watu."

Alinyosha kanga magotini kwa mkono mmoja. Kisha akaomba chupa, akaigeuza geuza, akanirudishia. "Ioshe," akasema, "tutilie mafuta ya taa." Jina la kaka halikutajwa tena nyumbani kwetu.

Mwezi mmoja baadaye ilikuja barua yake. Aliandika kwamba aliogopa. Mchezaji akijulikana bado ana nyumba kwa wapinzani hachezeshwi, watasema atawauza wenzake, na msimamizi alikuwa anatafuta wa kumtoa. Aliandika, "Nilidhani nitakuja mwenyewe mwaka mwingine, nipige magoti." Mama hakujua kusoma. Barua ile sikumsomea. Niliikunja nikaitia kwenye paa, chini ya makuti, ikaliwa na mchwa.

Mama hakumaliza mwaka. Siku yenyewe ilikuwa Ijumaa, watu wamekwenda msikitini, mimi nimebaki naye. Aliomba maji, nikamnywesha kwa kijiko. Akasema, na ulimi ulikuwa mzito lakini nilisikia kila neno, "Mwambie kaka yako niko radhi naye. Maji niliyatoa. Popote yalipomwagika, yamemfikia. Mwambie." Nikasema nitamwambia. Hapakuwa na mtu mwingine chumbani. Waliporudi kutoka msikitini walimkuta ameshakata roho.

Kaka alifika siku ya tatu, kwa basi la Tanga, vumbi mpaka kwenye kope. Safari hii hakucheza mpira siku ya hitima. Alikaa mkekani na wazee, hakugusa sinia, akanawa tu akaacha. Watu walipotawanyika akanifuata uani.

"Mdogo wangu," akasema, "mama aliniachia neno?"

Nilimtazama usoni vizuri. Nikaona ile miguu inavyoinuka kutoka sakafuni.

"Hakuacha neno."

"Hata kidogo?"

"Alikuwa hawezi kusema."

Akatikisa kichwa, mara nyingi, kama anayekubaliana na mtu mwingine. Akaondoka alfajiri yake. Nilidhani nitamwacha aumie mwaka mmoja, halafu nitamwandikia. Mwaka ukaisha. Msimu uliofuata goti lake lilivunjika uwanjani, akaniletea barua ya mistari miwili, na mmoja ulisema, "Nilijua tu." Wino nilikuwa nao. Siku ile niliushika, nikaandika "Kaka mpenzi, shikamoo," nikaona nimechoka, nikaenda sokoni. Uhuru ukaja, nikaoa, yeye akaoa, mpaka ukawa mpaka, na jambo lisilosemwa likikaa sana linaota mizizi, ukiling'oa linang'oka na ukuta.

Alifia Mombasa, mtu mzima. Mwanawe alikuja kunitafuta, kijana mwenye adabu, akanipa mkono mara mbili. Tulikaa barazani. Aliniambia baba yake alikuwa mtu mzuri lakini wa mashaka. Mtoto akiugua, paa likivuja, mashua ya rafiki yake ikizama, yeye alikuwa anasema, "Ni mimi huyo, ni maziwa yale," na wao watoto hawakuwahi kuelewa ni maziwa gani. Akaniuliza kama mimi najua.

Nikamwambia wazee wana maneno yao. Nikamuuliza kama amekula.